Muhuri wa Meno Katika Nchi ya Utaya

Njia ya kwenda Utaya sitaieleza, kwa sababu siijui. Mtu aliyefiwa haoni njia. Huona tu kwamba amefika. Nilimzika dada yangu Yustina mwezi wa kwanza, na kabla mvua za masika hazijaanza nilijikuta nimesimama mbele ya lango la Gegoni, mji mkuu wa Utaya, karani akiniuliza kama nina meno.

Nilimjibu kwamba ninayo, ishirini na sita.

"Sikukuuliza mangapi," alisema karani. "Idadi ni siri yako. Nauliza kama unayo, maana utayatumia hapa."

Akanisogezea kibonge cha nta ya nyuki, laini, ukubwa wa andazi dogo, akaniambia niume. Niliuma. Akakitazama kwenye mwanga, akakifunga kwa uzi kwenye karatasi yenye jina langu, akanikaribisha nchini.

Hivyo ndivyo nilivyojua desturi ya kwanza ya nchi ile. Wataya hawatii sahihi kwa kalamu wala kwa kidole gumba. Wanauma. Hati ya shamba huumwa, cheti cha ndoa huumwa na wazee wa pande zote mbili, wosia huumwa. Mtoto akimaliza kuota meno ya ukubwani hupelekwa kwenye Nyumba ya Nta, akauma kibonge chake cha kwanza, nacho kikawekwa katika droo yenye jina lake. Tangu siku hiyo kila atakachokiuma hulinganishwa na kile cha drooni. Kikilingana, yupo. Kisipolingana, karani huandika kwamba mtu huyo hayupo, hata kama amesimama mbele yake anakohoa.

Nilipanga chumba kwa Bi Wanu, mjane wa miaka sabini na minne, msuka mikeka. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu, na alipasua ukindu kwa meno ya mbele kama wasukaji wote wa kule, upesi, macho yakiwa kwingine. Lakini wiki niliyofika kazi ilikuwa imesimama. Alikuwa amefunga shavu la kushoto kwa kitambaa. Gego la chini lilimsumbua.

"Umekwenda hospitali, mama?" nilimwuliza.

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Mgeni, hebu nipe ile kadi hapo juu ya kabati, nikuonyeshe nchi yetu."

Ilikuwa kadi ya Mfuko wa Afya. Juu yake palichorwa mwili wa mtu, na kila sehemu ambayo Mfuko unaigharimia ilipakwa rangi ya kijani. Nywele zilikuwa za kijani, masikio, magoti, hata kucha za miguu. Mahali pa mdomo palikuwa na tundu. Lilikuwa tundu kweli, lililotobolewa kwa chuma. Niliiinua kadi, mwanga wa jua ukapita.

"Mpaka unafika hamsini na tisa, tundu halimo," alisema Bi Wanu. "Siku ya sitini wanaichukua kadi kwa heshima zote, wanaitoboa, wanakurudishia."

Heshima hizo niliziona kwa macho yangu kesho yake, maana sherehe ya kutoboa kadi ni ya wazi na wageni hupewa viti vya mbele. Mwenye siku alikuwa fundi bomba mmoja aliyetimiza sitini. Alivishwa joho, akapewa kijiko cha mti kilichonakshiwa na cheo cha Mstahiki wa Uji. Hotuba ilitolewa na Mkuu wa Mfuko mwenyewe, Bwana Nadhifu, mtu wa miaka kama arobaini na mitano, mwenye meno yaliyopangika kama punje za hindi changa.

"Mzee wetu ametafuna vya kutosha," alisema Bwana Nadhifu. "Ametafuna mifupa, ametafuna miwa, ametafuna mahindi makavu. Sasa apumzike."

Watu walipiga makofi. Naandika kama nilivyoona: mzee naye alipiga makofi, kijiko kikiwa kwapani.

Baada ya sherehe nilimwendea Bwana Nadhifu nikamwomba anifahamishe sheria hiyo. Alikuwa mtu mwungwana, akanijibu bila haraka. Kinywa cha mtu anayefanya kazi, alisema, ni chombo cha kazi, kwa hiyo ni mwili. Kinywa cha mzee hakizalishi, kwa hiyo ni pambo, sawa na heleni au kipini, na Mfuko haugharimii vipini. Kwa sababu hiyo hiyo madaktari wa meno wa Utaya hawaruhusiwi kujiita madaktari. Vyumba vyao viko katika mtaa wa masonara, kati ya bangili na pete, na juu ya mlango wa kila mmoja pameandikwa "Sonara wa Kinywa", na bei zao ni za dhahabu.

"Na maumivu je?" nilimwuliza.

"Maumivu ya pambo," alisema Bwana Nadhifu, "ni maumivu ya hiari."

Aliniambia kwamba Baraza la nchi lilijadili jambo hilo kwa siku kumi na moja, na kumbukumbu zake zipo. Nilikwenda kuzisoma. Mjumbe mmoja alisema jino ni mfupa, na mfupa ni mwili. Akajibiwa kwamba mfupa ukionekana nje ni dalili ya ajali, lakini jino huonekana kila mtu anapocheka, na kucheka si ajali. Mjumbe mwingine aliuliza kuhusu ulimi. Ikaundwa kamati ya ulimi, ambayo mpaka siku ninasoma ilikuwa haijarudi. Mwisho walikubaliana juu ya mpaka. Ugonjwa wa kinywa cha mzee ukibaki kinywani, ni shauri la mzee. Ukiteremka ukafika shingoni, umeingia mwilini, na hapo Mfuko utagharimia kila kitu: kitanda, dawa, upasuaji, na ikibidi sanda.

Ili mpaka huo ulindwe, kuna ofisa anayeitwa Mpima Shingo. Alifika kwa Bi Wanu siku yangu ya tatu, na futi ya fundi cherehani mfukoni. Jirani yetu Mzee Kirobo alikuwa ameketi kizingitini, kama alivyoketi kila asubuhi. Kirobo alikuwa mpiga zumari zamani, hana jino hata moja, na ukoo wake na wa Bi Wanu ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote.

Mpima Shingo alipima kutoka uvimbe ulipoishia mpaka shingo inapoanzia. "Bado, mama," alisema kwa upole. "Bado vidole vinne."

"Mpime vizuri, baba," alisema Kirobo. "Huyu shingo yake fupi. Pengine mmekwishafika kifuani hamna habari."

"Nyamaza wewe," alisema Bi Wanu. "Wewe hupo."

"Kweli, sipo. Ndiyo maana nasema yote."

Hakuwa akitania tu. Meno yalipomwishia, kibonge chake kiliacha kulingana na cha drooni, na kwa sheria ya Utaya Kirobo hakuwepo. Shamba lake alilishika mpwa wake. Mjukuu wake wa kike alipoolewa, mahali pa babu aliuma mtu wa kukodi, mwenye droo yake. Mjini walikuwepo maelfu wa namna hiyo. Waliamka, walisalimiana, walikwenda sokoni kununua unga wa uji, na hakuna aliyekuwepo.

"Basi nisubiri?" Bi Wanu alimwuliza Mpima Shingo.

"Usubiri, mama. Uvimbe ukishuka, tuma mtu aje aniite, hata nikiwa nakula."

Mimi nilitoka nikaenda uani. Vidole vinne nilivijua. Nilikwisha kuviona, na sikutaka mtu aniulize.

Siku ya tano, Jumatano, gari lenye bendera lilisimama mbele ya nyumba, akashuka Bwana Nadhifu na makarani wawili. Alikuwa hajalala vizuri. Aliketi juu ya mkeka ambao haujamalizika, akakataa chai, akasema moja kwa moja.

"Bi Wanu, nchi inakuhitaji."

Alieleza, nami nikaelewa, kwa nini macho yake yalikuwa mekundu. Hati ya Mfuko huishi miaka thelathini. Ikifika siku ya mwisho, hati mpya lazima iumwe na watu saba, na waasisi waliweka sharti kwamba saba hao wawe wamechangia Mfuko kwa miaka arobaini, kwa kuwa hao ndio wenye uchungu nao. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Makarani walipoanza kutafuta waliona jambo ambalo katika miaka thelathini hapana aliyeliwaza. Mtu aliyechangia miaka arobaini hawezi kuwa kijana. Wote walikuwa na tundu kwenye kadi. Walifungua droo za watu zaidi ya elfu tatu, wakawaita mmoja mmoja kuuma, na waliolingana na droo zao walikuwa sita tu. Aliyebaki kuitwa, na meno yake yote bado yapo, alikuwa mmoja. Bi Wanu ndiye wa saba.

"Mfuko usipopata vinywa saba," alisema Bwana Nadhifu, "Jumamosi saa sita umekufa. Hospitali zitafungwa. Za wakubwa na za wadogo."

Bi Wanu alifungua kitambaa akamwonyesha shavu. Lilikuwa limevimba na kung'aa kama pera bivu. "Mdomo wenyewe haufunguki sawasawa, mwanangu. Siwezi kuuma hata ndizi."

"Tutakutibu. Nimekwisha sema na sonara mmoja, Bi Adela. Atakuja leo, kwa mlango wa uani, mtu asijue."

"Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

"Na huyu?" Alimnyooshea kidole Kirobo.

"Mama," alisema Bwana Nadhifu kwa masikitiko, "huyo hayupo."

Kirobo akageuka akatazama nyuma yake, kuona ni nani anayesemwa.

Bi Wanu alilishika shavu lake. Najua alivyokuwa akiumwa, maana ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba. Angeweza kupona siku ile ile, akauma nta yake, akarudi kwenye ukindu. Hakuna ambaye angemlaumu. Alijifunga tena kitambaa, taratibu, akafunga na fundo.

"Mmesema mdomo wangu ni pambo," alisema. "Sawa. Pambo huvaliwa kwa hiari ya mwenyewe. Leo sijisikii kulivaa. Jumamosi sidhani kama nitajisikia."

"Unataka nini, Bi Wanu?"

"Hati hiyo mpya imekwisha umwa?"

"Haijaumwa."

"Basi bado ni karatasi. Andikeni ndani yake kwamba kinywa ni mwili, toka mtu anazaliwa mpaka anazikwa. Mkiandika, nitauma."

Bwana Nadhifu alisema hilo ni kazi ya Baraza na Baraza halikurupuki. Bi Wanu alimjibu kwamba yeye pia hakurupuki, amesubiri miaka kumi na minne. Gari lenye bendera likaondoka.

Alasiri ile mimi na Kirobo tulizunguka nyumba tano za wale sita, wenzake Bi Wanu. Kirobo alijua kila mlango. Mmoja alikuwa mwuza mkaa, mmoja mkunga mstaafu, wawili walikuwa mke na mume. Siwezi kuwaeleza wote. Kila nyumba Kirobo alisema maneno yale yale: "Wanu amefumba mdomo, haumi mpaka sheria ibadilishwe. Ninyi je?" Na kila nyumba walitutazama kwanza, kisha wakafumba midomo, wakatikisa kichwa kukubali. Mume na mke walibishana kidogo. Mume alihofia wajukuu kukosa hospitali Mfuko ukifa. Mkewe alimwambia: "Hao wajukuu nao watafika sitini. Au wewe umepanga wafe mapema?" Mume akafumba.

Alhamisi Baraza lilikutana. Habari za wale saba zilikuwa zimeenea usiku kucha; ukumbi ulijaa wazee, na wengine walijaa barabarani mpaka mtaa wa masonara. Walikaa wamefumba midomo, hawasemi, hawakohoi, hawajibu salamu. Sijawahi kuona mkutano wa namna ile. Mbele kabisa walikaa wale saba kwenye benchi moja. Kirobo alijaribu kufumba akashindwa, akawa mtu pekee aliyeombwa na wenzake asubiri nje.

Wajumbe walianza kutafuta njia. Wa kwanza alipendekeza hati iumwe na vijana saba wenye meno mazuri. Karani alisoma sharti la miaka arobaini, mjumbe akaketi. Wa pili alipendekeza kwamba vile vibonge vya zamani vitolewe kwenye droo, vimiminiwe chokaa, meno ya bandia yapatikane, nayo yaume. Akaitwa Mtunza Nta, mama mmoja mfupi aitwaye Bi Sikudhani, aliyefanya kazi katika Nyumba ya Nta tangu usichana.

"Meno yasiyo na mtu ni koleo," alisema Bi Sikudhani. "Koleo sitaliandikisha." Akarudi kukaa.

Wa tatu alipendekeza kwamba vinywa vya wazee saba vitangazwe kuwa mali ya serikali, kisha viamriwe kuuma. Wajumbe walilipenda wazo hilo kwa muda, mpaka mmoja alipouliza: vikiwa mali ya serikali, nani atavitunza? Wazo likafa lenyewe.

Hapo Bi Wanu alinyanyua mkono. Mdomo wake ulikuwa haufunguki tena vizuri, na aliyosema hayakusikika zaidi ya kiti cha pili. Bi Sikudhani aliinama akamsikiliza, kisha akaliambia Baraza kwamba Bi Wanu anaomba mgeni wake aseme. Sheria iliruhusu. Nta yangu ilikuwa mpya, haikuwa na upande.

Mimi si msemaji. Shule niliishia kidato cha nne, na hata msibani kwetu wasifu wa marehemu alisoma mtu mwingine. Lakini nilisimama, nikawaambia kwamba nina ushahidi kuhusu vile vidole vinne.

Niliwaambia kwamba nilikuwa na dada aitwaye Yustina. Alifundisha watoto wa darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akapewa kadi. Kwetu kadi hazitobolewi, lakini gego lilipomuuma, dirishani alijibiwa kwamba kwa wastaafu jino halimo. Alirudi nyumbani akasukutua kwa maji ya chumvi na karafuu. Hakulalamika. Alisema jino ni kitu kidogo, mtu mzima hasumbui watu kwa jino. Shavu likavimba, na kutoka shavu mpaka shingoni palikuwa na vidole vinne, kama vya Bi Wanu. Kuvimaliza kulichukua siku moja na nusu. Shingo ilipovimba, kadi ilikubali. Walimpokea mbio, wakampa kitanda kizuri karibu na dirisha, na dawa za kila namna. Alikaa siku mbili.

"Sikuja kumlaumu mtu," nilisema. "Nimeulizwa nikasema. Ninyi mmeweka mpaka shingoni. Mimi nimefika kwenye mpaka huo na mgonjwa, na nawaambia, ukifika pale umechelewa."

Nikaketi. 

Bwana Nadhifu alikuwa kwenye meza ya maofisa, na Mpima Shingo amekaa nyuma yake. Alinyoosha mkono bila kugeuka, akachukua ile futi. Akajipima mwenyewe, kutoka taya mpaka shingo. Akatazama alama. Akajipima tena upande wa pili, kama mtu anayedhani amekosea. Kisha akaweka futi mezani.

"Mwenyekiti," alisema, "mpaka huu niliuandika mimi nikiwa karani. Sikuupima. Naomba ufutwe."

Walipiga kura kwa kunyanyua mikono. Mjumbe mmoja tu hakunyanyua, na baadaye ilijulikana alikuwa amesinzia. Karani aliandika kwa sauti, neno baada ya neno, ili wote wasikie: Kinywa ni mwili wa mtu, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na Mfuko utakitunza kama unavyotunza jicho na moyo. Wazee hawakushangilia. Walikuwa bado wamefumba, maana hati ilikuwa bado haijaumwa.

Na hapo ndipo kila kitu kilitaka kuharibika. Bi Adela, yule sonara wa kinywa, aliitwa amtazame Bi Wanu. Alimtazama pale pale kwenye benchi, akanyanyuka akiwa amekunja uso.

"Usaha umejaa," alisema. "Hili gego litoke leo. Kesho siwezi kuahidi kitu."

"Likitoka," alisema mjumbe mmoja, "hatalingana na droo. Hatakuwepo. Hati itakosa mtu wa saba."

"Basi aume sasa hivi, kisha ling'olewe," alisema mwingine.

"Afungueje mdomo?" alijibu Bi Adela. "Kidole changu chenyewe hakipiti."

Kelele zilianza. Wengine walisema avumilie mpaka Jumamosi, apewe dawa ya kutuliza, labda mdomo utafunguka. Walisema kwa ajili ya nchi. Nilimwona Bi Wanu akimtazama Bi Adela, kisha akiitazama ile hati mezani, na nilijua atakachochagua, kwa sababu dada yangu naye angechagua hivyo hivyo. Alianza kunyanyua mkono kusema atasubiri.

"Keti, Wanu," alisema Bi Sikudhani.

Alisimama na daftari la Nyumba ya Nta, kubwa, limefunikwa kwa ngozi. "Sheria inasema alama ilingane na ya drooni," alisema. "Haisemi ya drooni isifanywe upya. Mtu aking'oa jino, aje aume, nitaweka kibonge kipya. Pengo nalo ni alama. Hakuna watu wawili wenye mapengo sawa."

Wajumbe walilisogelea daftari.

"Na asiye na jino kabisa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Fizi zina mikunjo. Mikunjo yangu si yako."

"Bi Sikudhani, umelijua hili tangu lini?"

"Tangu nimeajiriwa."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuja kila mara kuuliza nani hayupo," alisema Bi Sikudhani. "Hamkuwahi kuuliza afanyeje ili awepo. Na mimi nikanyamaza, na hilo ni kosa langu, nitalibeba."

Gego la Bi Wanu lilitoka alasiri ile, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi ili taya lilegee, katika mtaa wa masonara, kati ya duka la pete na duka la bangili. Nilisubiri nje na Kirobo. Kirobo alihesabu bangili za dirishani, akarudia kuzihesabu, mpaka mlango ulipofunguliwa na Bi Adela akatutolea kichwa akasema usaha umetoka wote na homa inashuka.

"Najua itashuka," alisema Kirobo. "Mwanamke mbishi yule, hata kifo kingejuta." Kisha akageukia ukuta, akakaa hivyo kwa muda.

Jumamosi asubuhi Nyumba ya Nta ilifunguliwa madirisha yote. Bi Wanu alikuja kwa miguu, akiwa amevaa gauni la kijani, shavu limenywea. Kwanza aliuma kibonge cha droo, chenye pengo lake jipya. Kisha wale sita waliuma hati, mmoja mmoja, na kila aliyemaliza alifumbua mdomo akarudi kusimama. Bi Wanu aliuma wa mwisho. Aliuma kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, pole pole, na alipoachia, nta ilikuwa na alama za safu ya meno, pengo, na jino moja baada ya pengo. Bi Sikudhani alivilinganisha vibonge viwili dirishani. Ilikuwa saa tano na robo.

"Yupo," alisema.

Sauti iliyotoka barabarani siwezi kuiandika. Elfu tatu waliokuwa wamefumba tangu Alhamisi walifungua vinywa kwa pamoja, wenye meno, wenye mapengo, wenye fizi tupu, na hakuna aliyeweka kiganja mbele ya mdomo. Waliimba. Waliocheka walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwuza mkaa alivunja kijiko chake cha mti juu ya goti, na watu wakamwiga, ukasikika mlio wa vijiko vikikatika mtaa mzima. Kisha foleni ikaanzia pale pale mlangoni, na Kirobo akawa wa kwanza. Aliuma nta kwa fizi, akaikabidhi, akasimama wima kama askari akingoja. Bi Sikudhani alipomwambia yupo, alimgeukia Bi Wanu.

"Umesikia? Kuanzia leo ukinitukana, natukanika."

"Nimesikia," alisema Bi Wanu. "Balaa limeongezeka mjini."

Nilikaa Utaya wiki moja zaidi. Siku ya kuondoka nilipita mtaa wa masonara kumuaga Bi Adela. Mlangoni kwake kibao kilikuwa kipya, rangi haijakauka, kimeandikwa Daktari. Benchi la kungojea lilikuwa limejaa wazee mpaka duka la bangili, na katikati yao alisimama Bwana Nadhifu, ameshika mkoba wa kike. Pembeni yake aliketi bibi mwenye umbo dogo wa miaka themanini hivi, mama yake.

"Mkuu," Kirobo, aliyekuja kutazamwa fizi, alikuwa akimwambia, "hata ukiwa na gari lenye bendera, mimi ni wa tisa na mama yako ni wa kumi."

"Sijaomba kupita," alisema Bwana Nadhifu.

"Nakukumbusha tu. Mtu asije akasahau."

Lakini zamu yake ilipofika, Kirobo alimshika yule bibi mkono, akamwingiza yeye kwanza, akarudi kukaa huku akilaumu foleni. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya hewa. Nilimwona bibi akiketi kwenye kiti kirefu, na Bwana Nadhifu akisimama kando kama mtu asiyejua aweke wapi mikono.

"Nisaidie kushika taa," Bi Adela alimwambia. "Fungua mdomo, bibi. Zaidi kidogo. Hapo."

Bwana Nadhifu alishika taa. Alitazama alichokuwa hajawahi kukitazama, akatazama kwa muda mrefu. Bi Adela alimwambia ashushe mwanga kidogo upande wa kushoto, akashusha. Alimwambia asitikisike, naye hakutikisika. Niliwaacha hivyo, mkono wake umenyooka, na mama yake amefungua mdomo wote bila aibu.